Shahidi wa Upande wa Pili wa Minyaa

Faili letu lilipotea wakati ofisi ya uhamiaji ya Kasulu ilipohama kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Vyumba vyenyewe vilitenganishwa na ukumbi tu. Ninaanza hapo kwa sababu watu nikiwasimulia hudhani lilipotea safarini au lilichomwa moto. Lilipotea kati ya mlango na mlango. Ndani yake mlikuwa na kila karatasi iliyoonyesha kwamba baba yangu aliingia nchi hii akiwa kijana, akitokea Burundi, akalima kijijini Nyakitonto, akalipa kodi Nyakitonto, akaoa na kunizaa hukohuko.

Maombi yake ya uraia niliyaandaa mimi. Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Uandishi wa barua za ofisini nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti ya zamani yaliyofungiwa sukari dukani na kwa taarifa ya habari ya redio, ambayo nilikuwa nikirudia maneno yake huku nikipalilia. Nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Fomu ya baba niliijaza kwanza kwa penseli, nikafuta, nikajaza kwa kalamu, kisha nikakosa usingizi nikiwaza kama herufi ya mwisho ya jina lake haikugusa mstari wa chini. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba faili halionekani, niliomba niambiwe tena, nikidhani nimekosea kusikia.

"Sijasema limepotea," alisema afande wa uhamiaji. "Nimesema halionekani."

Akanishauri nijaribu Kibondo, kwa kuwa baadhi ya mafaili yalipelekwa huko kimakosa. Nikapanda lori la maharage. Karani wa masijala ya Kibondo alinifungulia chumba ambamo mafaili yalirundikwa kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha. "Dada yangu," akasema, "hapa hata mafaili yetu wenyewe hatuyaoni, sembuse ya Kasulu." Hata hivyo aliniruhusu kutafuta. Nilitafuta mpaka walipofunga ofisi. Naona haya kusema, lakini katikati ya kutafuta nilianza kuyapanga kwa herufi bila kuombwa na mtu, na karani akaniacha niendelee. La baba halikuwamo.

Mwaka ule haukuwa mwaka wa kukosa karatasi. Warundi waliokuwa wakiishi vijijini walikuwa wakikusanywa na kupelekwa kambini, wa jana na wa miaka mingi wote pamoja. Familia moja ya kanisani kwetu ilichukuliwa chungu cha maharage kikiwa bado mekoni. Mama yangu ndiye aliyekwenda kukiepua.

Niliporudi Kasulu, afande alinieleza bila kuzunguka. Angeweza kufungua faili jipya na kutupa barua yenye muhuri, ya kuonyesha kwamba maombi yetu yanashughulikiwa. Mwenye barua hiyo habebwi kupelekwa kambini. Lakini hakuweza kulifungua kwa maneno yangu matupu.

"Niletee raia," alisema, "mzaliwa wa kijiji hichohicho. Asiwe ndugu yenu, asiwe wa kanisa lenu, maana nyie wote mmetoka kulekule. Awe mtu aliyemwona baba yako akifika. Maelezo yake yawe kwa maandishi, na yeye mwenyewe asimame hapa mbele yangu. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo."

Njia nzima nilikuwa nikipitia watu kichwani. Mwenyekiti aliyempokea baba alikuwa amefariki. Mzee aliyempa kibarua cha kwanza alihamia Kigoma mjini, na hakuna aliyejua mtaa wake. Mtendaji wa kijiji alikuwa mgeni kuliko sisi. Kila nilipofika mwisho nilibaki na mtu mmoja, nikaanza upya ili nisimfikie.

Alikuwa jirani yetu wa upande wa machweo, Muha, mzaliwa wa palepale. Hakuwa amesalimiana na baba tangu nikiwa mdogo. Kati ya shamba lake na letu palikuwa na ua wa minyaa, ile miti isiyo na majani ambayo utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unajuta. Baba aliipanda mwaka aliofika, iwe mpaka. Jirani alisema baba aliipanda ndani ya shamba lake akameza mistari miwili ya migomba. Baba alisema aliipanda pale alipoonyeshwa. Baraza la kijiji lilikaa mara nyingi bila kumaliza shauri. Basi wazee hao wakaacha kusemezana, kila mmoja akawa anasema na mifugo yake.

"Nyie mbuzi," jirani alisikika asubuhi, kwa sauti ya kutosha kufika kwetu, "msile hapo. Majani ya wizi yatawaharisha."

Naye baba alimgeukia kuku. "Wewe kuku, achana na kelele. Taga."

Nilipomwambia mama nani amebaki, alisema, "Nenda wewe. Baba yako akienda watarudi na majeraha, hawatarudi na maelezo."

Nilimwogopa sana mzee yule. Nilipiga gauni pasi ya mkaa, nikapigia karatasi mistari kwa rula, nikakariri namna ya kuanza. Nilipomkuta barazani kwake akimenya mihogo, maneno yote yalinitoka, ikabaki salamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Baba yako leo amekosa kuku wa kusema naye, kakutuma wewe?"

"Hajanituma. Hajui kama niko hapa."

Hilo lilimpendeza. Alinisogezea kigoda kwa mguu. Nikamweleza habari ya faili, ya afande na ya Ijumaa, naye hakuacha kumenya.

"Kwa hiyo wakiwabeba," akasema, "ile migomba yangu inarudi."

"Ndiyo, mzee."

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi, lakini swali hilo sikuwa nimelitegemea, na jibu lake lilikuwa lile tu.

"Na shamba lenu lote linabaki wazi."

"Linabaki wazi."

Akamenya muhogo mwingine mpaka mwisho. "Halafu pale wanamweka nani? Mtu nisiyemjua. Nianze kugombana upya na mtu nisiyemjua, kwa umri huu." Akafuta kisu kwenye suruali. "Toa kalamu."

Nikatoa.

"Andika, nilimwona akija na jembe lisilo na mpini. Mpini nilimpa mimi. Liandike hilo la mpini, maana barazani hajawahi kulisema hata siku moja. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika, mwaka huohuo alipanda minyaa ndani ya shamba langu. Nilimwona kwa macho yangu akipanda, ila ndiyo siku mke wangu alikuwa anajifungua mtoto wetu wa pili, nikashindwa kutoka kwenda kumzuia. Ningetoka siku ile, leo tusingekuwa hapa."

Kalamu yangu ilisimama. "Mzee, hili la minyaa, afande hakuliuliza. Yeye anataka kujua baba ameishi hapa tangu lini."

"Na mimi nimejuaje ni tangu lini? Mwanangu yule wa pili ana umri wa minyaa ile. Ukiitoa minyaa, na mimi nitoe."

Nikaandika. Wino ulivuja mahali pawili. Alinitaka nimsomee yote kutoka juu, akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akanipa dole gumba nilipake wino wa kalamu. Alama yake ilikaa pale chini, kubwa, imepinda.

Kwenye ule ujia wa kurudi kwetu, kabla hata sijavuka ua, nilikuwa nimeshaamua kuandika upya karatasi safi bila sentensi ya minyaa. Ningerudi kwa mzee na kumwambia wino ulivuja, naomba dole tena, na ningeisoma kwa haraka. Nyumbani niliipigia hata mistari karatasi ya pili. Ningependa kusema kwamba nilizuiwa na uadilifu. Kilichonizuia ni hofu. Mzee yule angesimama mbele ya afande na kuisema minyaa kwa kinywa chake, na karatasi ikiwa kimya, sisi sote tungeonekana waongo. Nikairudisha karatasi safi kwenye daftari.

Jioni nilimsomea baba. Kwenye habari ya mpini aliangalia chini. Kwenye minyaa aliinua kichwa.

"Itoe hiyo."

"Siitoi, baba."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Hata mama aliacha kupepeta.

"Unanipeleka serikalini kuomba uraia," akasema polepole, "na mkononi umeshika karatasi inayosema mimi ni mwizi wa ardhi."

"Nimeshika karatasi inayosema ulikuwa hapa. Nyingine hatuna, baba."

Akaondoka kwenda kufunga mbuzi ambao walikuwa wameshafungwa.

Ijumaa tulipanda gari la mizigo sisi watatu. Baba alikaa upande mmoja, jirani upande wa pili, katikati mimi na gunia la mkaa. Tulipofika Kabanga walishuka wengi waliokuwa wakienda hospitali, nafasi ikawa tele, lakini hakuna aliyesogea.

Afande alisoma maelezo mara mbili. Akamtazama jirani. "Huyu ni rafiki yako?"

"Hapana, afande. Ni jirani."

"Mnaelewana?"

"Hata kidogo."

Afande alikaza midomo, nikaona anazuia kucheka. Akamgeukia baba. "Mzee, shahidi wako anasema ulipanda ua ndani ya shamba lake. Ni kweli, au anasema uongo?"

Labda aliuliza kwa udadisi tu. Lakini baba akisema ni uongo, shahidi wetu ni mwongo, na kilichobaki ni lori la kambini. Akisema ni kweli, shauri lililosumbua baraza miaka yote hiyo limekwisha pale, na ameshindwa mbele ya binti yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya tarehe, ya majina, ya mipaka ya kata. Hili sikuwa nimeliandaa. Nilishika ukingo wa meza ya serikali nikabaki nimeushika.

Baba alivua kofia. Aliizungusha mikononi mpaka afande akaanza kugongagonga kalamu.

"Ni kweli," akasema. "Nilionyeshwa mpaka, nikausogeza. Nilikuwa sina kitu." Kisha, bila kuulizwa, "Na mpini alinipa yeye."

Jirani alikohoa. "Umeandika hilo, afande?"

"Hapa si baraza la ardhi, mzee."

"Najua. Lakini andika."

Afande alichukua jalada jipya, akaandika namba juu yake, akaingiza karatasi ile yenye madoa. Barua yetu ikagongwa muhuri. Niliomba nakala ya kila karatasi, zote zenye muhuri. Akasema mashine haina wino mpaka mchana. Nikasema nitasubiri. Akasema pengine mpaka kesho. Nikakaa kwenye benchi, nikawaambia wazee watangulie kula, mimi sina haraka. Wino ulipatikana kabla ya saa saba.

Nilipotoka niliwakuta wamesimama chini ya upenu wa duka, mmoja amempa mwenzake mgongo nusu.

"Ukishakuwa raia," jirani alikuwa anasema, "nitakushtaki vizuri, mpaka mahakama ya wilaya. Mkimbizi mtu unamshtaki wapi?"

"Huna haja. Minyaa naing'oa Jumatatu."

"Ing'oe mwenyewe. Mimi nitakaa natazama."

"Kaa. Siku zote kazi yako ndiyo hiyo."

Niliwasikiliza kwa mshangao. Hakukuwa na mbuzi wala kuku karibu.

Mgambo waliokuwa wakikusanya watu walifika kwetu wiki hiyohiyo ya kung'oa minyaa. Baba alikuwa shambani, macho yamemvimba kwa utomvu, jirani amekaa upande wake akimwonyesha kwa fimbo wapi shina limebaki. Niliwapa barua. Aliyekuwa mkubwa wao aliisoma taratibu, akasugua muhuri kwa kidole kuona kama utatoka, akauliza wale wazee ni kina nani.

"Mmoja ni baba yangu," nikasema. "Mwingine ni shahidi wetu."

Akanirudishia barua, wakashuka njia ya kuelekea nyumba ya chini yetu. Nyumba ile, ya Warundi wenzetu, haikuwa na barua, na nilijua haina. Nilisimama kidogo tu. Kisha nikachukua kalamu na daftari, nikawafuata, ingawa sikujua bado nitaandika nini.