Mwendo Uliopunguzwa kwa Heshima

Mhusika ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, mganga katika zahanati moja upande wa Nambis. Nalisema hili mapema ili lawama isiende kwa kompyuta.

Ndiye aliyeniwekea programu inayoiwezesha kompyuta kucheza michezo ya zamani, ukiwamo ule wa mbio za magari ambao wanangu waliucheza kwenye televisheni nilipokuwa mkaguzi wa mizani hapa Katesh. Enzi hizo nami nilijaribu, na ile njia ya mlimani haikunipa ushindi hata mara moja. Uliponirudia uzeeni nilifurahi kuliko nilivyotaka ionekane: magari yaleyale yenye pembe kali, milima ya rangi mbili, vumbi lisilopanda. Nikaanza kushinda. Nikashinda kila jioni. Mkwe akija kushindana nami, gari lake liliserereka kona ya mwisho, nami nikapita.

Aliyezoea kukagua mizani ya wafanyabiashara haamini ushindi wa namna hiyo. Kwanza nilitilia shaka muziki. Ulikuwa mzito, unajikokota kama kaseti yenye betri zinazokwisha. Nikaweka saa yangu ya mkononi kando ya kioo. Mshale ulikamilisha dakika. Saa ya mchezo ilikuwa bado njiani.

Jumapili mkwe akaja na binti yangu baada ya ibada.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Keti. Nani amepunguza mwendo wa mchezo huu?"

Akautazama Mlima Hanang dirishani kana kwamba ndio ulioulizwa.

"Ni mimi, baba. Kidogo tu. Siku ya kwanza uligonga ukuta kila kona, mpaka chai ukaikataa."

"Na kuserereka kwako?"

"Baba, kwetu mtu hamshindi baba mkwe nyumbani kwake."

Mke wangu akacheka kutoka jikoni. "Mwache mtoto wa watu! Angekushinda, nani angekaa humu na hiyo hasira?"

Nimewahi kumnasa muuzaji aliyebandika sumaku chini ya sahani ya mizani. Yule alipunja. Huyu alinizidishia, na kipimo kinachozidisha ni kibovu sawa na kinachopunja. Jioni moja ya mvua nilipita kona zote bila kugusa ukingo, nikatoka barazani kusimama peke yangu, maana furaha ilikuwa kubwa kuliko chumba. Sasa sijui kama mbio zile zilikuwa zangu.

Kwa hiyo namtaka mkwe wangu afike nyumbani kwangu, arejeshe mwendo halisi nikimwona, na atamke bayana ni mbio zipi aliniachia na zipi nilizishinda mwenyewe. Kisha ashindane nami katika njia ya mlimani, mbele ya mke wangu na binti yangu, bila kuserereka kwa makusudi. Utetezi wa heshima sitaupokea.