Tairi Zilizopigiwa Kura Joshoni

Nashoni Nyamhanga alikuwa amechoka kabla ya mkutano kuanza, na huo ndio ukweli wenyewe, asitafutiwe sababu nyingine. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia chini ya magari ya kambi moja ya watalii kule Serengeti, amelala chali kwenye oili, akitengeneza yale yaliyoharibiwa na watu wasiojua kubadili gia. Alipostaafu alirudi kwao Gorong'a na mgongo unaolalamika kila asubuhi. Akasema sasa atafuga kuku na kukaa kimya. Kuku aliwapata. Kimya walimnyima.

Kambi ile iliponunua pikipiki mpya za magurudumu manne, moja iliyozeeka ikatolewa kwa kikundi cha wafugaji wa kijiji chake. Nani ataiendesha? Nashoni. Nani ataitengeneza? Nashoni. Kazi yake ilikuwa moja tu: ng'ombe wakiibwa, ampakie Rubeni, ambaye anasoma nyayo kuliko mtu yeyote pale kijijini, wawafuate. Huku kwao nyayo za ng'ombe ni kesi. Zikiingia kijiji cha jirani, wenyeji wanazipokea na kuendelea nazo, kisha wanazikabidhi kwa kijiji cha mbele. Zikipotelea kwako, wewe ndiye wa kujibu. Lakini mvua haina habari na kesi ya mtu. Ikinyesha kabla hujafika, nyayo hakuna na ng'ombe hakuna. Kwa hiyo mwendo ndio kila kitu.

Sasa, ile pikipiki ilikuja na tairi ndogo, nyepesi, inchi ishirini na tano, tena zimelika. Watu hawakuzipenda hata kidogo. Mwenyekiti wa kikundi, Wangwe, mtu wa kifua na sauti, akaenda mpaka Nyamongo kutafuta mpya. Akarudi na tairi za tope, inchi ishirini na tisa, meno yake marefu kama vidole vya mtu mzima. Akazipanga pale joshoni siku ya kuogesha ng'ombe, watu wote wapo. Jamani, zilipendeza. Wazee walizigonga kwa fimbo zao wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Nashoni akanyanyua moja kwa mikono miwili, mgongo ukampa taarifa yote. Ya zamani alikuwa akiibeba kwa mkono mmoja.

"Mwenyekiti, hizi ni nzito," akasema.

"Uzito ndio uimara, fundi."

"Injini ni ile ile. Haijaongezewa nguvu hata chembe. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko unakuwa mrefu, injini inavuta kwa taabu. Na uzito ukikaa kwenye gurudumu lenyewe ni mbaya kuliko mzigo wa mgongoni, maana lazima uuzungushe ndipo uende, na uuzuie ndipo usimame. Vaa gumbuti zilizojaa tope, halafu nikukimbize, uone."

Watu wakacheka. Wangwe akacheka kuliko wote.

"Haya, niambie. Kule chini mbugani, kwenye udongo mweusi, hizo ndogo zako si zinazama?"

"Zinazama," Nashoni akakubali, kwa sababu ni kweli. Kwenye tope refu tairi kubwa linaliinua tumbo la mashine, linapita.

"Mmemsikia fundi mwenyewe!"

Hapo ndipo alipotakiwa kufungua mdomo tena. Aseme kwamba mbuga ni nusu saa tu, na baada yake kuna mlima wa mawe, na mwizi mwenye akili hakai mbugani, anapanda mlima. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini alimtazama Wangwe alivyokwisha kuvuta pumzi ya kujibu, akawatazama wazee na fimbo zao, akaona jua lote la mchana linamalizikia pale. Akajiambia, liwalo na liwe. Akanyamaza.

Kwao fahali huchaguliwa kwa shingo, na tairi wakazichagua hivyo hivyo. Mikono ikanyooshwa, mingi. Nashoni hakunyoosha wala hakukataa. Kesho yake alizifunga mwenyewe. Alipoijaribu njiani aliona inaondoka kwa uvivu, na akishika breki inapitiliza. Hakumwambia mtu.

Wiki ya tatu, yowe likapigwa kulipokucha. Ilikuwa nyumbani kwa jirani yake Mokami, mjane, mama yake Kezia. Zizi limebomolewa, maksai wake wote wawili hawapo. Kapteni na Dereva, ndivyo alivyowaita. Hao wawili ndio Mokami aliowatumia kulima shamba lake, na kulima ya wengine akapata chakula cha mwaka. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kugusa ardhi. Mokami hakulia. Alishika usukani wa pikipiki akamwambia Nashoni, "Baba Beatrice, niletee hata mmoja."

Mbugani waliruka. Siwezi kuzidhulumu tairi haki yao, zililitafuna tope na Rubeni nyuma akazisifu. Nyayo zilikuwa mbichi. Wakamkuta mama mmoja anachunga mbuzi chini ya mlima.

"Shikamoo, mama. Umeona ng'ombe?"

"Marahaba. Wawili, na vijana wawili. Wamepanda sasa hivi, hata kileleni hawajafika."

Nashoni akaelekeza mashine mlimani. Ilipanda hatua kama hamsini. Halafu sauti ikawa kubwa na mwendo ukawa mdogo, ikanguruma, ikatetemeka, harufu ya mpira unaoungua ikapanda kutoka kwenye mkanda unaozungusha magurudumu. Rubeni akashuka asukume. Wapi! Kwa zile tairi ndogo Nashoni alishawahi kuupanda mlima ule amempakia Rubeni na gunia la mahindi juu yake. Alijaribu upande wa kushoto, akajaribu kwa kurudi nyuma na kuchukua kasi, mkanda ukakatika.

Vijana wa kijiji waliokuwa wanafuata kwa miguu wakawafikia, wakawapita. Mmoja akasema, "Pole, mzee," bila kusimama. Nashoni naye akapanda kwa miguu, mkono kiunoni. Alikuwa hajafika katikati mvua ilipoanguka. Kule juu vijana walikuta kijito kinashuka na maji mekundu, na ng'ambo yake hakuna hata kwato moja. Hakuna kijiji ambacho kingekubali kupokea nyayo zisizoonekana. Wakarudi.

Uchungu aliouona Nashoni siku ile hakuwahi kuuona, na aibu ilikuwa juu ya uchungu. Watu walilaumu mvua. Wangwe alisema hata ndege isingewapata wale. Nashoni aliwaacha waseme. Usingizi ukamkataa, kuku akasahau kuwapa maji, na siku ya nne akaona heri aende akaseme.

Alimkuta Mokami shambani kwake peke yake, jembe la mkono mkononi, miguu imejaa udongo mpaka magotini.

"Pole na kazi, Mama Kezia."

"Nimeshapoa. Karibu."

"Nimekuja kusema neno. Nilijua zile tairi zitatuangusha mlimani. Tangu siku ile joshoni nilijua."

Mokami akasimamisha jembe. "Ulisema ni nzito. Tulicheka. Hata mimi nilinyoosha mkono."

"La mlima sikulisema."

"Kwa nini?"

Nashoni alitafuta sababu nzuri, hakupata. "Nilichoka. Kubishana na Wangwe mbele ya watu, nilikuwa nimechoka tu."

Mokami hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Alitazama kipande alichokwisha kulima, ambacho maksai wake wangekimaliza huku wanasinzia. Kisha akatazama kilichobaki, mpaka kule chini kwenye katani za mpakani.

"Kumbe," akasema. "Mimi nimeanza juzi. Ekari tatu. Kezia yuko shule, na mvua hii haimsubiri mtu." Akatema mate viganjani, akashika mpini. "Huko kwenye kuchoka sijafika bado, Baba Beatrice. Nikifika nitakuita, unionyeshe pa kukaa."

Akainama, akaendelea kulima. Nashoni alibaki amesimama ukingoni mwa shamba, mikono mitupu, maana hata jembe hakuwa amekuja nalo.