Mokeira na Jiwe la Matako

Mungu alipokuwa akiumba ukingo wa Manga, ama alikuwa na haraka ama siku hiyo aliamka na mzaha, kwa sababu katika shamba analolima Mokeira aliacha jiwe kubwa lenye umbo la mtu aliyeketi akiinamia mbele, na upande ulioelekea barabarani si uso. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtoto wa chekechea aliliona akacheka. Ukoo mzima ulilijua jiwe hilo tangu zamani na ukoo mzima ulinyamaza. Walianika maharagwe juu yake, mbuzi walilala kivulini mwake, na mama mkwe wa Mokeira, enzi za uhai wake, kila mchungaji alipowatembelea alitembea upande wa jiwe huku amepanua shali, ili mtumishi wa Bwana apite akitazama ndizi.

Mokeira aliolewa hapo akitoka Nyakoe, kwa mama muuza ndizi, na sokoni Nyakoe mtoto hujifunza kusema kabla ya kutembea. Mumewe, Ombati, alifanya kazi katika kiwanda cha majani chai kule Itumbe na alirudi nyumbani mwisho wa wiki akinukia chai mbichi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mokeira alisema ya wote wawili.

Barabara ilipotiwa lami, watu wa Kisii mjini walianza kuja Jumapili kupunga hewa. Walisimama ukingoni, wakatazama chini, na siku isiyo na ukungu waliliona ziwa kwa mbali likimetameta kama bati jipya. Basi. Baada ya hapo hawakujua wafanye nini. Walikuwa wamevaa vizuri, wamebeba soda, na hawakuamini kwamba mtu anaweza kupanda kilima chote kile ili kutazama chini tu. Wakaanza kuzungukazunguka, wakakanyaga nepia, zile nyasi ndefu za kulishia ng'ombe wa Mokeira, wakauliza kama hapa hakuna historia yoyote.

Siku moja kundi la vijana lilimkuta akifunga mzigo wa nyasi karibu na jiwe. Msichana mmoja aliuliza lile ni nini, na wenzake wakajificha nyuma yake wakicheka. Mokeira hakuinua kichwa. Aliwaambia kwamba huyo ni mwanamke aitwaye Nyanchera. Mumewe alitelemka kwenda ziwani kutafuta chumvi, akaahidi kurudi kabla maharagwe hayajaiva. Nyanchera akaketi kumngoja. Maharagwe yakaiva, yakapoa, yakachacha. Nyanchera akaapa kwamba hatainuka mpaka mwanamume huyo aje amwombe radhi, na akageuza mgongo upande wa njia kwa makusudi, ili siku atakayorudi, kitu cha kwanza kumlaki kiwe hicho mnachokiona.

Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha yule msichana akauliza kama ni kweli.

"Nimeitunga sasa hivi," Mokeira alisema, "nikifunga hii nyasi."

Walicheka zaidi, wakapiga picha, na kabla hawajafika mjini simu zao zilikuwa zimeutangazia ulimwengu kwamba huko Manga kuna simulizi ya kale, na kwamba mahali penyewe panaitwa Jiwe la Matako.

Watu wakaja. Walikuja wapenzi waliotaka kupigwa picha, walikuja walimu wenye mabasi ya wanafunzi waliofundishwa kulitazama jiwe kwa nidhamu, na walikuja, kimyakimya, wanawake wenye waume wanaochelewa. Hao waliligusa jiwe wakanong'ona. Mmoja wao alirudi kutoa shukrani kwamba mumewe alikuwa amefika nyumbani mchana kweupe, ingawa baadaye ilijulikana kuwa alikuwa amefukuzwa kule alikokuwa. Kila mara Mokeira alimaliza hadithi yake kwa kusema kwamba ameitunga yeye, na kila mara watu walitikisa kichwa kwa mapenzi, kama watu wanaomsikia nyanya yao akisema hajui kupika. Mama mmoja wa Nairobi, mwenye miwani mipana, alimwambia kwamba huo ndio unyenyekevu wa watu waliobeba kumbukumbu za jamii. Mokeira akajibu kwamba yeye amebeba nepia.

Habari zilimfikia Ogeto. Huyu alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato pale kijijini, na pia ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe wake Mokeira, kwa hiyo kwa Mokeira alikuwa baba mkwe vilevile. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kati ya baba mkwe na mkaza mwana kuna ensoni, ile heshima ya Wakisii inayowakataza kutaja mbele ya mwenzake jambo lolote la mwili. Ogeto alitaka kumkaripia Mokeira juu ya kitu ambacho hangeweza kukitaja, na Mokeira alitakiwa kujitetea bila kukitaja pia. Basi aliitwa nyumbani kwa mzee, akaketishwa karibu na mlango. Ogeto akaketi akiuelekea ukuta, akizungumza na kalenda. Mkewe, Persis, akawekwa katikati kupitisha maneno.

"Mwambie mama Bitutu," Ogeto aliiambia kalenda, akimtaja Mokeira kwa jina la mtoto wake, "kwamba kile kitu kilicho shambani kwake kinatuletea aibu."

Persis akamgeukia Mokeira, ambaye hakuwa mbali kuliko urefu wa meza, akayarudia.

"Mwambie baba," Mokeira alisema, "kwamba kile kitu hakukileta mama Bitutu. Alikiweka Mungu."

Waliendelea hivyo kwa muda, kile kitu hiki, kile kitu kile. Persis, ambaye alikuwa amelijua jiwe hilo tangu alipoolewa, ilimbidi atoke nje mara kwa mara kwenda kutazama chungu ambacho hakikuwa jikoni. Mwishowe Ogeto alikubali kwamba jiwe haliwezi kuhamishwa, ila akaagiza walau liitwe Jiwe la Makalio, kana kwamba neno la adabu lingelivisha gaguro. Tena hadithi isisimuliwe siku ya Sabato. Mokeira akatoa neno lake kwa Persis, na Persis akalikabidhi.

Mambo yangeishia hapo kama si parachichi. Persis aliziweka chache kwenye karai langoni, wageni wakazinunua zote, wakauliza kama kuna ndizi. Ogeto aliliona karai tupu akatafakari kama mtu wa sala. Jumapili iliyofuata alitokea penye jiwe akiwa amevaa kofia ya ngozi ambayo hakuna aliyewahi kuiona, ameshika fimbo, akawatangazia wageni kwamba Nyanchera alikuwa nyanya ya babu yake, na kwamba hadithi hii alirithishwa na baba yake, aliyeirithi kwa baba yake.

Hadithi yenyewe aliigeuza. Katika ile ya Ogeto, mwanamume hakuwa na kosa lolote. Alikuwa ameoa juzi tu, akamtuma bibi arusi maji, bibi arusi akamjibu vibaya, na papo hapo akageuka jiwe, liwe funzo kwa wanawake wote. Akiwa na mzigo wake wa nyasi kichwani, Mokeira alisimama kando akasikiliza mpaka shingo ikamuuma. Hangeweza kumpinga baba mkwe mbele ya watu. Wageni waliokuja kwa ajili yake walianza kumwona kama mama fulani anayepita na ng'ombe.

Alikasirika kuliko alivyotarajia. Alijiuliza amshtaki wapi. Hakuna chifu anayeweza kupelekewa mtu kwa kosa la kuiba uongo wa jirani. Ombati alipokuja mwisho wa wiki alimsikiliza, akamaliza chai, akamshauri atunge nyingine. Mokeira akamwambia hataki nyingine. Alikuwa amekwisha kumjua Nyanchera. Alijua jinsi alivyofunga leso, alijua kwamba alipenda maharagwe yenye vitunguu vingi, na akipita shambani peke yake alikuwa akimwamkia. Sasa mwanamke huyo alikaa pale akisemwa vibaya kila Jumapili na mtu mwenye kofia. Mokeira akaacha kupita njia ile. Nyasi alizikata upande wa pili wa shamba.

Mwaka huo Idd iliangukia katikati ya wiki. Shariff, mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kisii, aliileta familia yake kutembea: mkewe Istarlin, watoto waliotawanyika kama vifaranga mara mlango wa gari ulipofunguliwa, na mama yake, Asli, mzee mnene mwenye magoti mabovu aliyeletewa kiti cha plastiki kutoka nyumbani kwa Mokeira. Mokeira ndiye aliyekibeba kiti, kwa hiyo ilimbidi afike penye jiwe. Ogeto alikuwa tayari, kofia kichwani.

Mama Asli alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya tumbo. Kisha akauliza kwa upole maji aliyatafuta nani baada ya hapo. Ogeto akasema hilo halikusimuliwa. Akaulizwa kama bwana arusi alioa tena. Ogeto akasema bila shaka.

"Na huyu akageuka jiwe akiwa bibi arusi wa juzi?"

"Wa juzi, mama."

"Na ndiye nyanya ya babu yako."

"Ndiye."

"Basi huyo mzazi wa babu yako," Mama Asli alisema, "alizaliwa na jiwe?"

Istarlin akageuka upande akajifanya anawaita watoto. Shariff akajitia kukohoa. Ogeto alivua kofia. Akatazama ukingoni, akatazama kofia yake ambayo sasa alikuwa ameishika mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu Mokeira aolewe, alimtazama mkaza mwana wake usoni. Alikuwa na macho ya mtu aliyekanyaga tope asilojua kina chake.

Mokeira alikuwa ameingojea siku hii. Angeweza kunyamaza tu, na mzee angezama taratibu mbele ya wageni. Lakini alipomwona hivyo alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimkera kidogo kwa sababu hakuwa ameipangia. Akamtafuta Persis kwa macho, akampata kando ya karai la parachichi.

"Mkumbushe baba," alisema, "kwamba Nyanchera alikuwa na mtoto tayari. Siku hiyo alikuwa amebebwa na shangazi yake."

"Amesema alikuwa na mtoto," Persis alipitisha.

"Amebebwa na shangazi yake," Ogeto aliwaambia wageni haraka. "Hilo nililisahau." Halafu akasema na kalenda isiyokuwepo kwamba koo lake limekauka, na kama mama Bitutu anaweza kuendelea, aendelee.

Mokeira akasogea mbele, akaisimulia yote: chumvi, maharagwe, kiapo, mgongo ulioelekezwa njiani. Na kwa kuwa alikuwa amekaa nayo kimya kwa muda mrefu, ilikuwa imeota mwisho. Alisema kwamba yule mwanamume alirudi kweli. Alirudi mzee, chumvi yenyewe imelowa mvua, akaipokea salamu yake ya nyuma, akapiga magoti akaomba radhi. Nyanchera akamsikia, akamsamehe, akabaki palepale alipoketi. Alikwisha kuzoea kutazama ziwa.

Mama Asli alicheka mpaka mtandio ukamteleza na Istarlin ikabidi aje kuurudisha. Akamuuliza Mokeira hadithi hiyo ameitoa wapi.

"Nimeitunga mimi, mama."

"Najua. Mimi nimeuza nguo tangu ujana. Ninalijua vazi lililoshonwa nyumbani."

Alikuwa mtu wa kwanza kuamini. Mokeira akakibeba tena kile kiti. Akawakaribisha nyumbani, wakala ndizi za kuchemsha na chinsaga, mboga ya kienyeji iliyolala kwenye maziwa mpaka ikasahau uchungu, na watoto wakapelekwa kuchuma majani chai, wakachuma yasiyofaa.

Tangu siku hiyo wageni hupokewa na Ogeto na kofia yake, kisha husimuliwa na Mokeira, na Ogeto husimama nyuma akiitikia kwa kichwa kama shahidi. Siku ya Sabato hakuna hadithi. Persis hulifunika jiwe kwa leso mbili zilizounganishwa ili nalo lipumzike kwa heshima. Tatizo ni kwamba likishafungwa leso linafanana zaidi, na Jumamosi ndiyo siku ambayo watu wengi huja kupiga picha.

Mama Asli hakumsahau Mokeira. Alimpigia simu wakati maharagwe yalipokwisha kuvunwa, akamwambia ajitayarishe, wanakwenda Tabaka kuona wachongaji wa mawe. Mokeira alikuwa amewahi kusafiri kwenda sokoni, kanisani, hospitalini na matangani. Kutembea tu, bila sababu, hakuwahi. Asubuhi ile alibadilisha nguo mara nyingi kuliko siku ya ndoa.

Kule Tabaka fundi mmoja, Onyancha, aliyekuwa mweupe wa vumbi mpaka kwenye kope, aliwaonyesha machimbo, kisha akawaeleza kwa uso mkavu kwamba jiwe lile hutoa damu likichongwa na mwanamume aliyegombana na mkewe asubuhi. Mama Asli akamkanyaga Mokeira mguu. Mokeira hakumjali. Alikuwa amesogea karibu, mdomo wazi, akauliza damu hiyo ni nyekundu au ni ya rangi ya jiwe. Ya rangi ya jiwe, Onyancha alisema, ndiyo maana wageni hawaioni. Mokeira akanunua kiboko mdogo wa jiwe mwenye jicho moja juu kuliko jingine, akampakata njia nzima.

Jioni Ombati, aliyekuwa amerudi kwa mwisho wa wiki, alikuwa akila alipomuuliza huko Tabaka kuna nini. Mokeira akavua viatu, akaketi, akaanza tangu asubuhi. Alipofika kwenye ile damu, aliona mumewe ameacha kutafuna.