Tange ya Timu ya Magongo

Siku ya kwanza kazini nilifika na sanduku la bati, godoro lililokunjwa, na gongo la kuchezea nimelifunga juu ya sanduku kwa kamba ya katani. Lori lilitushusha mbele ya ofisi za utawala za shamba la ngano la serikali, huko kwenye tambarare za Hanang. Kila upande uliotazama ilikuwa ngano tupu, ikianza kubadilika rangi. Meneja Utawala, mtu mfupi kutoka mkoa mwingine, suruali yake imenyooshwa kwa pasi kama anakwenda harusini, alitoka barazani akanitazama mimi, kisha akalitazama gongo.

“Shikamoo mzee,” nikasema.

“Marahaba. Kijana, umekuja kuajiriwa au kuchunga?”

Nikamweleza kwamba lile ni gongo la mpira, kwamba chuoni kwetu tulikuwa na timu ya mpira wa magongo, na kwamba mimi nilikuwa katibu wake. Akanisikiliza mpaka mwisho. “Sawa,” akasema. “Liweke nyuma ya mlango. Hapa tunacheza na mafaili.”

Nilitoka Bashay, Mbulu, nikasomea kilimo, lakini mwandiko wangu mzuri ndio ulionipeleka ofisini. Chuoni tulikuwa na mkufunzi wa mitambo, mgeni kutoka ng'ambo, aliyeuleta mchezo ule na kuupenda kupita kiasi. Hakumruhusu mtu kushika spana yake kabla hajajua kuuzuia mpira kwa gongo. Mimi nilicheza winga, maana yake nilikimbia sana bila kuugusa mpira. Mchezaji wa kweli alikuwa kipa wetu, Paskali, kijana wa Endasak. Mpira wa magongo ni mgumu kama jiwe, na kinga za miguu za dukani hatukuwa nazo, kwa hiyo alijishonea za turubai akazijaza mabua ya ngano. Akizivaa alitembea kama bata, lakini goli halikuingia.

Tulipomaliza, karibu timu nzima ilichukuliwa na mashamba ya ngano. Wengine wakawa mabwana shamba, wengine mafundi. Paskali akawa fundi wa kombaini, yaani mashine ile kubwa inayovuna na kupura ngano papo hapo. Mimi nikawa karani wa utumishi, na kazi hiyo ndiyo iliyokula maisha yangu.

Ninyi vijana mnaofanya utumishi kwa kompyuta, niwaeleze tulivyofanya sisi. Kitu cha kwanza ni ikama. Ikama ni hesabu ya nafasi zilizoidhinishwa: mafundi wangapi, madereva wangapi, walinzi wangapi. Mtu asiye na nafasi kwenye ikama, hata awe amesimama mbele yako anapumua, kiofisi hayupo. Kitu cha pili ni tange. Hiyo ni orodha ya watumishi kwa ukubwa wa cheo, na wenye cheo sawa hupangwa kwa tarehe ya kuajiriwa. Kwa tange unajua nani apandishwe kwanza na nani asubiri. Tange mbaya huzaa fitina mpaka kwenye foleni ya bomba la maji. Nzuri hunyamazisha watu.

Meneja Utawala alinifundisha vizuri, nikiri hivyo. Mara moja nilimpandisha mtu mistari miwili kwa sababu alikuwa na watoto wengi na alikuwa mpole. Akaniita.

“Huyu amepanda kwa sababu gani?”

“Ni mtu mzuri, mzee.”

“Kijana, tange haina shemeji. Mtu ni cheo chake na tarehe yake. Mambo ya uzuri yapeleke kanisani.”

Nikalishika neno lile kama mtoto anavyoshika sala. Nilipopewa uhamisho kwenda shamba la pili, nikiwa sasa Afisa Utumishi Msaidizi, nilikuwa nalisema mwenyewe kwa makarani wangu, na kwa sauti ile ile.

Shamba la pili lilikuwa na Meneja wa Shamba mpenda michezo, naye mhitimu wa chuo chetu. Yeye ndiye aliyeanzisha mechi ya kila mwaka baada ya mavuno, wahitimu wa zamani wa timu yetu dhidi ya wanafunzi wa chuo waliokuja kwa mafunzo ya vitendo. Tulicheza nyuma ya ghala, upepo wa Hanang ukitujaza vumbi na makapi machoni. Siku hizo mchezo ulianza kwa wachezaji wawili kusimama uso kwa uso na kugonganisha magongo mara tatu, ndipo kila mmoja auwahi mpira. Kuanzisha ilikuwa heshima. Mwaka wa kwanza wahitimu walibishana nani aanzishe hadi wanafunzi wakakaa chini.

Meneja wa Shamba akanigeukia. “Katibu, si wewe ndiye bwana vyeo? Tupangie.”

Nikapanga, tena kwa furaha. Mwaka uliofuata nilikuja na tange ya timu ya magongo. Cheo kwanza, tarehe ya kuajiriwa pili, umri tatu. Mstaafu atabaki na cheo chake cha mwisho. Aliyeacha kazi au kuachishwa atatoka. Wahitimu walisimama pembeni mwa uwanja, mimi nikasoma, kila mmoja akasogea mbele akisikia jina lake, na aliyetajwa kwanza akaenda katikati kugonganisha magongo huku wake na watoto wakipiga makofi. Nilijiona nimeleta ustaarabu.

Haukupita muda watu wakaanza kuishi kwa ajili ya mstari ule. Bwana shamba mmoja alikuja ofisini kwangu akitaka barua yake ya kuthibitishwa kazini iharakishwe “kabla ya mechi.” Mwingine, aliyekuwa akikaimu umeneja wa shamba jirani, alinishika mkono nje ya kanisa.

“Umeniweka wa nne. Mimi ni meneja.”

“Wewe ni kaimu.”

“Kaimu akiwa kazini si meneja?”

“Kaimu ni kaimu,” nikamjibu. Siku ya mechi alicheza kipindi chote cha kwanza akipiga vifundo vya miguu vya watu. Tulicheka sana. Hata leo nikikumbuka hilo nacheka, halafu nakumbuka la Paskali, kicheko kinakatika.

Ulifika wakati vipuri vikawa shida. Kombaini zikaegeshwa msururu karakana, nyasi zikaota kati ya magurudumu. Nilikuwa sasa Afisa Utumishi kamili. Meneja Mkuu aliniita akasema maneno machache: “Punguza mafundi. Hatuwezi kulisha mafundi wa mashine zilizolala.” Nikaandika barua, na moja ilikuwa ya Paskali. Aliisoma amesimama, akaikunja, akanipa mkono, akarudi Endasak kulima mahindi na maharage. Kuhusu barua ile sina la kujilaumu. Ilikuwa kazi, na mtu yeyote angeiandika.

Ninalojilaumu ni la baada ya mavuno. Paskali alikuja kwenye mechi kama kawaida. Alitembea kwa miguu kutoka Endasak, kinga zake za turubai begani. Alizifunga miguuni, akaingia kwenye kundi la wahitimu, akasubiri. Mimi nikasoma. Nilisoma kuanzia Meneja wa Shamba hadi bwana shamba wa mwisho, kila mmoja akasogea mbele, mpaka pale nyuma akabaki Paskali peke yake na miguu yake ya bata.

“Katibu,” akasema, “mimi nisimame wapi?”

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Ningeweza kusema simama popote. Ningeweza kusema wewe ni kipa, nenda golini. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na karatasi yangu ilikuwa safi.

“Hupo kwenye ikama, Kipa.”

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikifurahi kwamba nimesema la kuchekesha. Paskali alitabasamu kidogo, akainama, akaanza kufungua kamba za kinga zake. Zilikuwa na mafundo mengi na zilimchukua muda, na sisi tukasimama tukingoja amalize. Kisha akaenda kukaa nyuma ya goli, kwenye mabua. Kwa miaka mingi nimejitetea kwamba sikumkataza kucheza. Ni kweli sikumkataza. Lakini mtu akishaambiwa mbele ya watu kwamba hayupo, atadaka vipi? Siku ile alidaka mhasibu wa shamba, tukafungwa vibaya.

Jioni Paskali alikuja kuniaga. “Umesoma vizuri, Katibu,” akasema, akaondoka. Miaka iliyofuata sikumwona tena uwanjani. Nilijiambia amekasirika, na moyoni nikaona afadhali.

Mambo yalivyozidi kuharibika niliitwa makao makuu nikiwa Afisa Utumishi Mkuu, cheo kikubwa kuliko vyote nilivyopata, na kazi yake ilikuwa kufunga mashamba. Niliandika barua za mabwana shamba, za madereva, za yule kaimu ambaye hakuwahi kuthibitishwa. Kila barua ya mwenzetu wa magongo ilipunguza jina kwenye tange ya timu, nami nikaisahihisha kwa uaminifu. Mwishoni Meneja Mkuu aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi.

“Bwana Utumishi, imebaki barua moja.”

Niliichapa mwenyewe. Hata koma niliziweka sawa.

Huku Bashay watu huniita mstaafu. Nawaacha waniite, na jambo hilo nalo linanitia aibu, maana sikustaafu. Nilipunguzwa, umri wa kustaafu ukiwa bado mbele. Kwa kanuni niliyoitunga mimi, mstaafu hubaki na cheo chake na aliyepunguzwa hutoka. Ukatibu nilimkabidhi Mwalimu Neema, binti aliyesoma chuo kile miaka mingi baada yetu. Mechi ikahamia uwanja wa shule yake huko Hanang, na kila mwaka alinitumia salamu: “Shikamoo mzee, tunakusubiri.” Na kila mwaka mimi nilipata malaria.

Mwaka mmoja, siku moja kabla ya mechi, mtu alibisha hodi nyumbani. Alikuwa Paskali, mvi kichwa kizima, amebeba mfuko wa maharage. Ametoka Endasak kwa basi, na kipande cha mwisho amepanda kilima kwa miguu. Tukasalimiana, tukaulizana watoto. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

“Nasikia unaumwa,” akasema.

“Kidogo.”

“Unaumwa nini?”

Mke wangu, Mama Eliya, alijibu kutoka jikoni kabla yangu. “Malaria, shemeji. Lakini ni ya ajabu, kila mwaka inangoja ngano ivunwe.”

Paskali akacheka taratibu. “Kesho tutakwenda wote,” akasema.

“Wewe mwenyewe uliacha kwenda.”

Akanishangaa. “Nani? Mimi nimekwenda kila mwaka.”

“Sikukuona hata siku moja.”

“Nilikuwa nyuma ya goli,” akasema. “Wewe ulikuwa unasoma.”

Mama Eliya aliacha kukoroga ugali. Nimeonywa na mameneja, nimetukanwa na watu walioshika barua zangu mkononi, lakini sijawahi kusikia neno likaniingia kama lile, na lilisemwa kwa upole kabisa.

Vijana wakija kuniuliza habari za utumishi, huwaambia tange ni kazi halali. Shamba haliendi bila mpangilio, na Meneja Utawala hakunifundisha uongo. Alinifundisha kuwapanga watu wa ofisini saa za ofisi. Ni mimi niliyeibeba karatasi nikaenda nayo uwanjani kwa rafiki zangu, na hakuna bosi aliyenituma kumjibu Paskali vile. Ningetamani awepo mtu wa kusingizia.

Tukaenda. Uwanja ulijaa watu. Mwalimu Neema alinisalimia kwa magoti, kisha akafunua karatasi, akaanza kusoma. Alisoma vizuri. Cheo kwanza, tarehe pili, umri tatu, kanuni zangu zote bila kuruka hata moja. Wahitimu vijana walisogea mbele mmoja mmoja, mkaguzi, mwalimu mkuu, bwana shamba wa wilaya. Nilijua jina langu halimo, lakini, Mungu anisamehe, bado nilisikiliza. Karatasi ikaisha. Nikabaki pale pembeni na fimbo yangu ya kutembelea, watu wakinitazama, na binti wa watu akaikunja ile karatasi akiangalia chini.

Nikageuka nitafute pa kwenda. Nyuma ya goli walikuwako wazee, wengi kuliko nilivyodhani. Winga wa kulia alikuwapo. Mafundi wawili wa karakana walikuwapo, na yule aliyekuwa kaimu, na wengine ambao barua zao nilizikumbuka kwa tarehe. Paskali alikuwa ameshafika mahali pake. Nikafungua mdomo nimuulize nisimame wapi.

“Sogeeni kidogo,” akawaambia wenzake, kabla sijasema lolote. “Katibu asimame.”

Wakasogea. Nikasimama kati ya Paskali na yule kaimu, mpira ukaanza, na aibu iliyonishika siku ile haijaniachia mpaka leo, kwa sababu nafasi ilikuwapo.