Pete za Mwalimu Verna

Hapa Hadley Cove, pwani ya Maine, ni nadra kumpata mtu ambaye hakupita mikononi mwa Mwalimu Verna Alley. Amefundisha darasa la nne miaka ishirini na sita, na kila Septemba somo lake la kwanza ni lile lile. Mtego wa kambakoche lazima uwe na kidirisha kilichofungwa kwa pete za chuma kinachoshika kutu. Mtego ukipotea baharini, pete zinalika, kidirisha kinaanguka, walionaswa wanajiendea zao. Hata mimi fundi wa injini, niliyeacha shule kwa hasira, nimelikariri.

Jioni zake zilikuwa za jikoni, akikarabati mitego ya mumewe, Merle.

Juni iliyopita Noreen, mwalimu wa kituo cha bahari, alituletea roboti ya kuzamia yenye kamera. Darasa zima lilijipanga gatini mbele ya skrini. Wavuvi nao walikuja, kwa umbea tu. Mmoja akamuuliza Verna kama leo atawaonyesha nyumba ya nguva.

"Nitakuonyesha ile nanga uliyoipoteza ukiwa umelewa," akamjibu, na watu wakacheka.

Tuliona nyasi za bahari, tukaona kaa na konokono. Kisha taa ikamulika mtego wa waya uliojaa kambakoche. Wengine walikuwa maganda matupu, na wazima walikuwa wakiwala wafu. Kidirisha kilikuwa kimefungwa kabisa, pete zake zinang'aa kama za jana.

Noreen akasogeza kamera kwenye kibandiko cha mwenye mtego, na pale palikuwa na namba ya leseni ya Merle, ya miaka kumi na mmoja iliyopita. Kwetu kufunga kidirisha kwa pete zisizolika ni aibu isiyofutika, na mtu anaweza kunyang'anywa leseni.

Merle, aliyekuwa kati ya wavuvi, akawa mwekundu mpaka masikioni. "Ni wangu," alisema. "Nilifunga mimi."

Verna alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kwenye skrini, ncha ya kila pete ilikuwa imekunjwa kwa ndani, isimkwaruze mvuvi vidole. Merle hana subira hiyo, na wote tunamjua.

"Usiniongopee mbele ya watoto," Verna alimwambia. "Nilifunga mimi. Zile za kutu zilikuwa zinakatika katikati ya msimu, kambakoche wanatoroka, unarudi mikono mitupu. Nikaweka zisizoshika kutu. Niliona ninatengeneza mitego tu."

"Na darasani?" Noreen aliuliza, taratibu.

"Darasani nilikuwa nafundisha."

Alilisema hilo kwa mshangao, kama anayelisikia kwa mara ya kwanza.

Noreen akauliza alifunga mingapi hivyo. Yote ya msimu ule, alisema Verna. Na dhoruba kubwa iliyopiga mwaka ule, Noreen akaendelea, ilichukua mingapi? Verna hakujua, hakuwahi kuuliza. Akamgeukia mumewe.

"Arobaini na miwili," alisema Merle.

Verna akaketi chini pale pale, kwenye mbao zilizolowa, mbele ya darasa lake.