Dada Aliyepima Mishipa

Dada yangu mkubwa, tuliyemzika Jumatano iliyopita, alipima mishipa ya damu ya watu kwa miaka kumi na minne. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali: kitanda, mashine ya ultrasaundi, na pazia zito. Mtu alifika hajala, akalala chali, akafungwa mkanda chini ya kiwiko, ukajazwa upepo mpaka damu isipite. Dakika tano. Kisha dada aliufungua ghafla na kutazama kwenye skrini kama mshipa utatanuka kuipokea damu inayorudi kwa kasi. Mshipa mzima hutanuka. Uliochoka hubaki vilevile, na mwenyewe yuko hatarini hata kama hajisikii vibaya. Wagonjwa walimwita Mama Dakika Tano.

Baba yetu, dereva mstaafu wa lori, alikuwa ameanza kusimama njiani akishika kifua. Ukimuuliza, anasema anapunga upepo. Dada alimsihi akapimwe, akakataa mwaka mzima.

"Baba, ni kipimo cha mshipa tu, hakiumi."

"Mshipa sina."

"Kila mtu anao."

"Mimi sina. Muulize mama yako."

Mama akageukia ukutani. Dada akatoka analia, akidhani mzee amechoka kuishi. Nilimfuata hadi ngazini nikamweleza jambo alilolisahau kwa kukaa sana na madaktari: kwa wanaume wa rika la baba, mshipa ni ule ugonjwa wa kuvimba sehemu za siri. Mzee alidhani binti yake anataka kumvua suruali.

Dada alicheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe mwaka mzima nimempotezea mimi," alisema. "Na wale wote waliosoma tangazo langu mlangoni wakageuka, je?"

Kesho yake alilibandua lile tangazo la KUPIMA MSHIPA, akaandika jingine kwa mkono: Tunapima njia za damu za mkononi. Nguo huvui.

Baba alienda Jumatatu. Nilikaa naye chumbani.

"Usiongee, baba."

"Hata kumwomba Mungu?"

"Omba moyoni."

Mkanda ulipofunguliwa, dada aliisogelea skrini. Akapima, akapima tena, akapima mara ya tatu. Mshipa haukutanuka hata kidogo.

"Nimefaulu?" baba aliuliza.

"Umekuja," dada alimjibu. Akamshika mkono, akampandisha mwenyewe kwa daktari wa moyo. Wiki ileile walikuta njia moja ya damu ya moyoni imekaribia kuziba, wakaizibua.

Hiyo ni miaka sita sasa. Dada alichukuliwa na saratani ya ini kwa miezi mitatu tu, na hapakuwa na chumba ambacho sisi tungeweza kumpandisha tukampata mzima.

Kaburini nilimshika baba kiwiko, akajitoa taratibu.

"Aliniponya ili yeye ndiye anizike," alisema. "Mungu amepanga vingine, na mimi sina neno na Mungu. Nipeni sepetu."

Waombolezaji walitaka kumpokea baada ya udongo wa kwanza. Akatikisa kichwa, akaendelea kumfukia mwanawe, na sisi tukasimama tukamwachia, kwa sababu nguvu zile alipewa na aliyelala mle ndani.