Magurudumu ya Baba Mkwe

Jina la baba mkwe wangu sijalitamka hata siku moja, na hapa pia sitaliandika. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wala hamsemeshi; akimsikia anakuja, hujificha. Sote ni Wakristo, lakini mila hiyo bado ipo. Mimi ni Mkisi wa Ikombe, binti wa mfinyanzi, na Aliko aliponioa akanileta Ngana, ilinibidi nimjue baba yake kwa pembeni tu: kikohozi chake, harufu ya grisi, alama za gari lake.

Gari alilitengeneza mwenyewe. Vitani Burma alikuwa fundi wa malori ya jeshi. Fremu aliitoa kwenye lori bovu lililoachwa na watengeneza barabara, bodi ni mbao za mvule. Miaka mitatu aligonga pale kwenye migomba, na asubuhi ukungu wa ziwa ulimfunika hata ungedhani gari linajigonga lenyewe. Lilikuwa la mama mkwe, Tusekile. Magoti yalikuwa yamemgomea, na kanisani hakuwa ameingia tangu Pasaka ya mwaka juzi.

Likatembea. Lakini kila likimbeba mama, mipira ya magurudumu ya mbele ililika kama sabuni. Mingine haikupatikana, si Kyela si Tukuyu. Hiyo ikiisha, mama angebaki nyumbani mpaka siku ya kubebwa na watu wanne.

Kila jioni mzee alilipandisha gari juu ya magogo, akapima kwa ufito wa mwanzi nafasi kati ya magurudumu mawili ya mbele, kwenye kingo zake za mbele, kisha kwenye kingo za nyuma.

"Sawasawa!" nilimsikia akinung'unika. "Sasa mipira inaliwa na nini?"

Asubuhi moja baada ya mvua alilizungusha uani peke yake, kisha akamzungusha mama. Walipoondoka nikaja na mwanangu Angetile mgongoni, nikaziinamia zile alama. Pale alipokuwa peke yake, maua ya mpira yalichapika safi kama urembo tunaouchora kwenye vyungu. Pale alipombeba mama, yalifutika kwa upande, kama mtu aliyeburuta kidole juu ya udongo mbichi.

Nikamfuata mama jikoni.

"Mama, gari linapimwa likiwa juu ya magogo, tena tupu. Ukikaa wewe springi zinashuka, magurudumu yanageuka, kila moja linatazama kwake."

"Kwa hiyo kosa ni unene wangu?"

"Mama, sikusema hivyo!"

"Umesema. Baba Aliko!" akaita kuelekea ukutani. "Mkamwana anasema mimi ni mzigo!"

Nje nyundo ikanyamaza. "Hilo nalijua siku nyingi," ikajibu sauti. "Mwulize hilo la gari amelijuaje."

"Anauliza umejuaje."

"Aangalie alama zake pale uani, mama. Za peke yake, na zile za kukubeba wewe."

Nyayo zikaenda. Kisha: "Mama Aliko! Njoo ukae garini. Njoo na kazi yako, tutakawia."

Mama akakaa mpaka mchana akichambua maharage, gari likiwa chini na uzito wake wote, mumewe amelala uvunguni akizungusha kile chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele, akipima, akizungusha tena.

"Usicheke, mwanamke, unatikisa vipimo!"

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikinyonyesha. Mbali, wadudu wa ziwa walipanda angani kama moshi mweusi, nami nikasinzia, nikaota chungu kikubwa kikienda taratibu juu ya maji, kina magurudumu.

Jumapili wakatangulia, sisi tulikwenda kwa miguu. Nilipofika kanisani wimbo ulikuwa umeanza, na sauti nzito ya mama mkwe ilitoka dirishani mbele ya zote. Baba mkwe alisimama kando ya gari. Nikajitupa nyuma ya ukuta. Lakini yeye akaondoka, akalipa gari mgongo, akatazama milima ya Ukinga, akabaki hivyo. Nilichelewa kuelewa kwamba ananipisha.

Nikachutama, nikapitisha kiganja juu ya mpira. Zamani, hata kwa kuzunguka shamba tu, ulinuka kuungua. Sasa ulikuwa vuguvugu, hauna hata chembe nyeusi ya kunyonyoka.

"Ndaga," akasema mzee, akiishukuru milima.

Mimi sikuweza kuitikia. Nikamshusha Angetile, naye akaupiga mpira vibao viwili kwa kiganja chake kidogo. Mzee akacheka, hakugeuka.